Karatasi na Gundi kwenye Barabara ya Lunga Lunga

Katika Nissan za Likoni kwenda Lunga Lunga miaka ya tisini, abiria aliyekosa kiti alisoma. Angefanya nini tena? Shingo imepinda, mkono umeng'ang'ania chuma cha dari, pua inakaribia kugusa stika zilizopangwa juu ya kioo cha dereva. Watu wengi wa Waa, Tiwi, Gazi na Msambweni walipata falsafa yao hapo. Riziki kwa Mola. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye wivu ajinyonge. Nyingine zilikuwa za Kiingereza cha kuokoteza, na hizo ndizo zilizopendwa zaidi na vijana, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika zinasema nini.

Nilikuwa makanga katika barabara hiyo, na kazi ya kuchagua stika iliniangukia mimi, maana tajiri hakujali na dereva wangu alikuwa mtu wa redio. Nilizinunua upande wa kisiwani, kwa wachuuzi waliozitandaza chini karibu na kivuko, za njano na nyekundu, herufi nono, gundi kali mgongoni. Bei yake ilikuwa ya kikombe cha chai. Nikirudi garini nafuta vumbi kwa kitambaa, napaka mate kidole kuhakikisha pameshika, kisha nabandika.

Makanga hutukanwa kutwa. Hutukanwa na abiria aliyezidishiwa nauli, na askari aliyesubiri chake tangu asubuhi, na tajiri jioni hesabu ikipungua. Hana ruhusa ya kujibu. Kwa hiyo stika ilimjibia, kama vile leso inavyomjibia mke mkubwa siku mwenziwe anapoletwa nyumbani: mwenye macho atasoma, na akiuliza ni yeye aliyekusudiwa, ataambiwa nguo ni nguo tu. Ile niliyoipenda kuliko zote ilisema Mungu anaona. Sikuiweka mbele pamoja na nyingine. Niliibandika kwenye fremu ya mlango, pale ambapo mkono wa askari wa trafiki hupita ukifuata noti iliyokunjwa. Siku moja mmoja wao aliisoma, akaisoma tena, akauliza nani kaweka. Nikamwambia tajiri ameokoka. Akachukua pesa, lakini kwa mkono wa kushoto.

Zaidi ya hapo siasa hatukubandika. Zilikuwa enzi za Rais Moi, picha yake ilitundikwa kila duka hata la mtu mwenye kopo mbili za Kimbo, na mtu mwenye akili hakutaka kuulizwa kwa nini ameweka maneno mengine karibu nayo.

Kabla ya kuendelea, nieleze habari za Ramisi, kwa kuwa wengi hupita pale kasi wakielekea Shimoni au mpakani na hawaoni zaidi ya daraja na mto. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianzishwa mwaka 1927 na kampuni ya Associated Sugar, miaka mitano tu baada ya kile cha Miwani kule Nyanza. Kilipofungwa mwaka 1988 kilikuwa kimekusanya watu wa kila namna: Wadigo wenyeji, Wakamba, Wajaluo na Waluhya waliojua miwa tangu kwao, na Wamakonde ambao wazazi wao walivuka kutoka Msumbiji kutafuta kazi katika mashamba ya katani na miwa. Kiwanda kilikufa, watu hawakuondoka. Wangeenda wapi? Watoto walikuwa wamezaliwa pale, wamesoma pale, wanatukanana kwa Kidigo. Mjaluo wa Ramisi ukimsikia gizani humjui, mpaka ataje jina.

Wazee wa mji walikuwa na desturi ya kumwita kila mmoja kwa kazi aliyofanya kiwandani hata baada ya kiwanda kufa. Fulani wa boila. Fulani wa mizani. Mtu alikuwa hana kazi mwaka wa nane na bado ana cheo. Sijui kama hiyo nayo ni heshima au ni kejeli ya wakati, lakini waliitika.

Halafu ukaja mwaka 1997. Uchaguzi ulikuwa Desemba, na usiku wa tarehe 13 Agosti vijana waliokula kiapo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Wengi wao walikuwa wamejificha katika msitu wa Kaya Bombo. Siku zilizofuata moto ulipanda barabara yetu hadi Ukunda na Diani, vibanda vya watu wa bara vikiteketezwa. Watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wapatao 100,000 wakahama makwao. Tume ya Jaji Akiwumi ilikuja kusikiliza, na ripoti yake ikakaa kabatini mpaka mwaka 2002.

Kabla ya moto zilitangulia karatasi. Vikaratasi vilivyowaambia wabara wafunge virago viliokotwa vikiwa vimetupwa njiani na milangoni. Havikuwa na jina la mwandishi wala anwani. Kilichoniuma, mimi niliyekuwa mtaalamu wa maneno mafupi, ni jinsi vilivyoandikwa vizuri. Hakuna aliyehitaji kusimama shingo imepinda ndipo avielewe.

Wiki ile gari letu lilibeba magodoro. Tulijaza Ramisi, tukajaza Msambweni, tukashuka kivukoni na watu waliokuwa wakitazama chini. Fundi viatu wa stendi yetu, mtu wa bara aliyenishonea ndala mara zisizo na hesabu, alikaa na kisanduku chake mapajani. Juu ya mlango mtengenezaji wa stika alikuwa ameandika Karibu tena, na hakuna aliyeinua uso kuisoma. Nauli tulitoza. Wengine walitoza mara mbili. Nisipoliandika hili nitakuwa napaka rangi kumbukumbu.

Watalii nao walikimbia. Diani ya wakati ule ilikuwa ya Wajerumani, na nusu ya vijana wa Ukunda walikuwa wamejifunza Kijerumani cha ufukweni kabla ya kumaliza Kiswahili cha darasani. Hoteli zikafunga, wahudumu wakarudi kulima muhogo. Wachache walifuata wapenzi wao Ulaya. Binamu yangu mmoja ni kati ya hao, na ni yeye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye, habari za Irmela Mensah-Schramm wa Berlin.

Huyu mama, mwalimu wa watoto wenye ulemavu, mwaka 1986 alitoka nyumbani kwake mtaa wa Wannsee, akakuta kwenye kituo cha basi stika inayodai aachiliwe Rudolf Hess, mmoja wa wakubwa wa Hitler. Akaenda kazini. Jioni aliporudi bado ilikuwepo. Watu wamesimama mbele yake kutwa nzima wakisubiri basi, na hakuna aliyenyoosha ukucha. Akaibandua kwa ufunguo wa nyumba. Tangu siku ile amekuwa akizunguka Ujerumani na kikwanguo mkononi, akibandua stika za chuki dhidi ya wageni, Wayahudi na Waislamu, makumi ya maelfu, nyingine akizihifadhi katika mafaili na kuzionyesha mashuleni. Yaliyoandikwa ukutani kwa rangi huyafunika kwa rangi yake, na mwaka 2016 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani kwa kuharibu mali, ingawa shauri lilifutwa baadaye. Binamu yangu, ambaye ngozi yake inasomwa haraka kuliko paspoti yake, anasema huwa anatazama nguzo za taa akitoka nyumbani, aone mji umeamkaje.

Nilipolisikia hilo nilifikiri juu ya vikaratasi vya 1997. Tuliviokota, tukavisoma, tukavikunja mfukoni tukamwonyeshe jirani. Wengine waliviacha palepale vilipo ili wasionekane wamevigusa. Sikumbuki kuona Ramisi, Msambweni wala Ukunda karatasi nyingine iliyobandikwa kujibu, hata moja, iliyosema fundi viatu huyu ni wetu. Na sisi tulikuwa na gundi. Tulikuwa na maneno. Tulikuwa mabingwa wa kumjibu mke mwenza na askari wa trafiki.

Stika zenyewe hazikuishi sana baada ya hapo. Februari 2004 sheria za Waziri John Michuki zilianza kazi: abiria kumi na wanne, mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni. Zilikuwa sheria nzuri, ziliokoa shingo za watu, na sina hamu ya kurudi kupindana. Ila wenye magari walikwangua kila kitu kwa hofu ya ukaguzi, na Nissan zikawa nyeupe na kimya kama zahanati. Abiria akapata kiti na akakosa cha kusoma. Mimi niliacha kazi muda si mrefu baadaye.

Maneno hayakufa. Yalihamia ukutani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipowaka na watu zaidi ya 1,000 wakauawa, msanii wa Kibera anayejulikana kama Solo7 alizunguka mitaani na kopo la rangi akiandika maombi ya amani kwenye mabati, milango na barabara, popote palipobaki wima. Yeye aliandika huku moshi bado unatoka. Miaka minne baadaye, mwaka 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na kundi la wachoraji walichora usiku kwenye ukuta wa Mtaa wa Muindi Mbingu, katikati ya Nairobi, mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga, amekalia wananchi. Wakubwa wa jiji waliamuru ifutwe. Picha ilikuwa imeshasafiri mpaka Vanga.

Huku kwetu ukuta ulisema jingine. Tangu kama 2010 ulianza kukuta Pwani si Kenya, kwa mkaa, kwa chokaa, kwa rangi ya mashua. Serikali ilipiga marufuku kundi la MRC, lililodai Pwani ijitenge, mwaka huo, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku Julai 2012, na Oktoba mwaka uleule kiongozi wake akakamatwa Kombani. Sitawacheka walioandika. Mtu ambaye babu yake amezikwa chini ya mnazi wake, na bado hana hati ya shamba lile, anajua vizuri anachokiandikia. Mwaka 2007 ardhi ya sukari ya Ramisi ilikodishwa kwa kampuni mpya, Kwale International Sugar, na wako wakazi wanaolalamika mpaka leo kwamba miwa iliwafukuza. Dai lilikuwa la kweli. Lakini mtoto wa fundi wa boila, aliyezaliwa palepale Ramisi na jina la kutoka Nyanza, alipopita mbele ya ukuta ule alisoma kikaratasi cha mwaka 1997 kikiwa kimekuzwa. Niliwahi kumwona mmoja akivuka upande wa pili wa barabara ili asipite karibu nao. Aliyeandika hakumkusudia yeye, nadhani. Ukuta hauna nafasi ya kueleza.

Na hapo ndipo yalipoletwa magari yaliyojaa stika za amani. Kuelekea uchaguzi wa Machi 2013 mashirika yalishusha maboksi. Zilikuwa safi kuliko zetu zote: njiwa, mikono miwili imeshikana, rangi za bendera, herufi zilizopangwa na mtu aliyesomea. Zilibandikwa kwenye matangi ya maji, milango ya madarasa, tuktuk, vioo vya kinyozi. Tuwe na amani. Dumisha amani. Kijana wa Diani akiuliza habari za shamba la babu yake aliambiwa asivuruge amani. Mama aliyetaka kujua nani alichoma kibanda chake cha Ukunda aliambiwa tusifukue ya kale, na aliyemwambia alikuwa amevaa fulana ya njiwa. Mimi nilizipenda kwa macho, na siku moja nikajikuta nahesabu, katika kituo kimoja cha kungojea gari, jinsi zilivyofunika tangazo la zamani la watu waliokuwa wakidai fidia. Njiwa walikuwa wengi. Tangazo lilibaki pembe moja.

Walioandika heshima yao wenyewe, pasi na boksi la mtu, walikuwa Wamakonde.

Kwa wasioijua habari hii: tangu uhuru Wamakonde wa Kwale waliishi bila kipande. Bila kitambulisho hupigi kura, hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu kwa jina lako, huandikishi kiwanja. Mvulana akipasua dafu la mtu polisi wakaja, kosa lake la kwanza si dafu. Mzee aliyekata miwa ya Ramisi tangu ujana alikuwa mgeni aliyechelewa kuondoka. Tuliwafahamu kwa vinyago na ngoma, tukanunua vinyago. Katika miaka yote niliyokaa mlangoni mwa gari, kila tulipokaribia kizuizi cha polisi nilijua bila kugeuka nani angeshuka kabla ya daraja na kuzunguka kwa miguu vichakani.

Oktoba 2016 wakaamua kutembea hadi Ikulu, Nairobi. Mamia yao walianza safari kutoka Kwale, wazee kwa vijana, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ikiwa pamoja nao. Wakafika. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaomba radhi kwa muda waliongoja, akaagiza wasajiliwe kabla ya mwaka kwisha. Na mwanzoni mwa 2017 wakatangazwa kabila la 43. Mwaka 2023 ikafika zamu ya Wapemba, wavuvi wa Shimoni na Vanga ambao nao walikuwa wakizaliwa na kuzeeka bila karatasi. Miguu ilitangulia, stika za kupongeza zikafuata. Niliziona. Zilikuwa na nyuso za wanasiasa.

Naziona kwa karibu zaidi siku hizi kwa kuwa nazichapa. Nina kibanda cha kompyuta karibu na barabara, mashine ya kurudufu, mashine ya kuleminesha, na prinita ya vinaili niliyoinunua kwa mkopo ambao haujaniacha. Uchaguzi mdogo wa Msambweni wa Desemba 2020 ulinilipia nusu yake. Wateja wangu wa kudumu ni vijana wa bodaboda, na wao ndio waliorithi kile kioo cha Nissan: kila madigadi ina neno. Mengi ni ya mapenzi na ya mama. Machache ni ya askari, na nikiyasoma huwa namsikia yule makanga wa zamani akicheka. Lakini stika nyingi za wakati huu hazipiti mikononi mwangu kabisa. Zinatengenezwa kwenye simu, zinatumwa kwa WhatsApp, uso wa mheshimiwa umewekwa kwenye mwili wa kuku. Nilizidharau mwanzoni, maana ya gundi mtu huiweka kwa mkono wake mchana kweupe, na hii hutumwa na aliyelala. Nikadhani haimgharimu mtu kitu.

Desemba 2024 dharau hiyo iliniisha. Kijana anayejulikana kama Kibet Bull, mchoraji wa vivuli vyeusi vya Rais, alitekwa na kutoweka, na wenzake kadhaa wakatoweka siku hizohizo. Walirudi mwanzoni mwa Januari, baada ya kelele za mahakamani na barabarani. Ilikuwa miezi sita tangu vijana waingie Bungeni tarehe 25 Juni kupinga Mswada wa Fedha na wengi wakapigwa risasi. Mimi katika zama za Moi nilificha Mungu anaona kwenye fremu ya mlango na kumsingizia tajiri. Huyu alitia sahihi kazi yake.

Sasa tunaelekea 2027 na oda zimeanza. Wakala mmoja alikuja na picha ya mtu wake akicheka, akataka chini yake pachapwe njiwa. Nilimchapia, nina mkopo. Kesho yake wakaja vijana watatu wa hapa Ramisi, mmoja jina la Kidigo, mmoja la Kimakonde, mmoja la kutoka Nyanza, ingawa kwa kuwasikia usingejua ni nani yupi. Walikuwa na maneno yao kwenye simu, na walitaka yabandikwe kuanzia darajani hadi stendi ya Msambweni kabla karatasi za namna nyingine hazijaanza kuokotwa milangoni. Walisema hivyohivyo, karatasi za namna nyingine, na walikuwa hawajazaliwa mwaka 1997.

Tukabishana bei. Niliwaeleza kwamba vinaili huvumilia jua na masika, mwaka hata miwili, na karatasi itakwisha kwa mvua ya kwanza. Wakahesabu pesa, wakachagua karatasi, kwa kuwa zingekuwa nyingi zaidi na zikibanduliwa watarudi kubandika. Yule wa jina la Kimakonde akauliza kama naweza kuweka chini, kwa herufi ndogo, majina yao matatu. Nikamwuliza kama mama yake anajua. Akasema mama ndiye aliyetoa pesa.

Nikawasha mashine.